Tumbo la Dada na Mahindi ya Majaribio

Dada yangu alikuwa mjane wa siku nyingi tumbo lake lilipoanza kuvimba. Yeye alilima Sindeni. Mimi nilifanya kazi Korogwe, kwenye shamba la majaribio ya mbegu za mahindi. Habari zilinifikia kwa midomo ya watu kabla hajaniambia mwenyewe: mjane ana mimba, na aliyempa mimba hajulikani.

Nilipokwenda kumwona nilimkuta amekonda mashavu na mikono, ila tumbo limejaa upande wa kushoto. Alikuwa ameacha kwenda kisimani wakati wenzake wanapokwenda.

"Dada, unajisikiaje?"

"Nikila matonge mawili nimeshiba. Na jasho, shuka linalowa." Akanikazia macho. "Na wewe umekuja kuuliza ni ya nani?"

"Nimekuja kukupeleka hospitali."

Korogwe walimpima damu, wakatupa rufaa ya Dar es Salaam. Huko daktari, binti mpole aliyempa dada shikamoo kwanza, alituambia ni saratani ya damu, ile inayokwenda polepole, na kilichovimba ni bandama. Dada alishika ncha ya mtandio wake. Aliyelia ni mimi.

"Mama," daktari akasema, "ndani ya seli za damu kuna vimeng'enya vinavyoitwa kinase. Vinapeleka amri: zaliana, pumzika. Kimoja chako kimeharibika. Kinaamrisha zaliana, zaliana, hakinyamazi. Kidonge hiki kitakizuia."

"Nitapona?"

"Utameza kila siku, nasi tutakuwa tunakupima. Wengi wanaishi vizuri tu."

Jina hilo la kinase nililijua. Vimeng'enya vya aina hiyo vimo hata kwenye mahindi. Vinasaidia mmea kuhisi ukame na kufunga vitundu vya majani ili maji yasipotee. Tukiwa njiani kurudi nikamweleza.

"Yaani ugonjwa wangu na mahindi yako ni ukoo mmoja?"

"Ukoo mmoja. Ila cha mahindi tunataka kiamke mapema, chako tunataka kilale."

Alicheka mpaka akashika ubavu.

Vidonge vilimsumbua mwanzoni: kichefuchefu, misuli kukaza, macho kuvimba asubuhi. Lakini tumbo likashuka. Siku moja jirani aliyekuwa ameyaeneza yale maneno alikuja na kikapu cha mihogo.

"Nisamehe, mwenzangu. Nilisema mengi."

Dada akauchukua mkono wake, akauweka tumboni. "Haya, mtafute huyo mtoto."

Yule mama akaangua kilio. Dada alimwacha alie, kisha akamtilia chai.

Mpaka leo anameza kidonge chake baada ya kula. Ramadhani, kwa ruhusa ya daktari, humeza baada ya futari. Mwaka huu mvua zilipochelewa alikuja kuona kazi yetu. Mistari mingine ya mahindi ilikuwa imejikunja majani, mingine imesimama.

"Mbegu ya haya yaliyosimama nitaipata lini?"

"Bado, dada. Msimu uliopita yalisimama hivi hivi, yakatoa magunzi madogo."

"Basi endeleeni," akasema, akafunga kanga kiunoni, akainama kung'oa magugu kana kwamba shamba ni lake.