Bibi Aliyevaa Gauni Langu

Tangu usichana nabeba majani ya ng'ombe kichwani, kutoka tambarare hadi nyumbani mlimani, na anayebeba kichwani hutembea wima. Hilo sikuwahi kulitilia shaka. Waliopinda migongo niliwaona wavivu.

Baada ya sherehe ya kipaimara cha mwanangu, binti yangu mkubwa alinionyesha video kwenye simu.

“Huyu bibi aliyejikunja mbele ya mbuzi wa ndafu aliyechomwa mzima ni nani? Mbona kavaa gauni langu?”

“Mama, ni wewe.”

Nilifoka. Nikasimama katikati ya uwanja, nikajinyoosha mpaka mbavu zikauma, nikahisi nitaanguka chali.

“Nipige picha sasa!”

Akapiga, akanipa simu huku akikwepa macho yangu. Bibi yule yule, amepinda vile vile, anatabasamu kama mtu aliyenyooka.