Email zangu hazitoki, lakini kuna barua imetoka kwa jina langu

Admin, nisitiri tafadhali, maana mume wangu naye ni mfuasi wa page hii.

Mimi ni mama wa miaka 33, naishi Kalangalala hapa Geita, nina mapacha, Kulwa na Doto. Ni karani kwenye duka la vipuri vya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mume wangu ni fundi wa simu na kompyuta. Laptop yangu aliitengeneza yeye, akaniwekea na programu ya email. Password anazijua zote. Wakati ule niliona ndiyo mapenzi.

Mwaka huu niliomba kazi ya uhasibu Mwanza, kazi niliyoisomea. Wakanijibu kwa email niwatumie vyeti ndipo waniite kwenye usaili. Nikamwonyesha mume wangu. Akacheka, "Haya bosi, ukienda huko mimi na hawa mapacha tutapikiwa na nani?" Nami nikacheka, mjinga mimi.

Tangu hapo email zinaingia vizuri, ila kutoka hazitoki. Kila ninachotuma kinaganda Outbox, halafu programu inaniomba password. Naweka, inakataa. Nikimwambia anasema, "Mtandao wa Geita unaujua wewe, tulia." Nikajaribu bando la simu yangu, la jirani, hata Wi-Fi ya ofisini. Wapi! Na huyu mtu anatengeneza kompyuta za mji mzima, ya mkewe kila siku "kesho".

Nikaipeleka kwa dada mmoja wa stationery. Akafungua mipangilio, akaguna. "Dada, password ya kupokea iko sawa. Ya kutuma imewekwa nyingine kabisa. Nani mwingine anashika hii laptop?" Akairekebisha, na vyeti vyangu vikaondoka palepale.

Kesho yake Mwanza wakajibu: "Ulishatuandikia kwamba unajitoa kwa sababu za kifamilia. Tushike lipi?" Wakaniambatanishia na hiyo barua. Imetoka kwenye anwani yangu, lakini kwenye zilizotumwa haipo. Kiswahili kimenyooka, heshima zote zipo, na chini imesainiwa "Mama Kulwa". Jamani, nani anasaini barua ya kazi hivyo? Kwenye maombi niliandika majina yangu matatu kama yalivyo kwenye vyeti. Mama Kulwa ni jina la nyumbani, na mume wangu hajaniita jina langu tangu nijifungue.

Nikawapigia Mwanza, nikawaambia sijajitoa. Wamenipa usaili Jumatatu.

Nyumbani sijasema kitu. Namtazama anavyowafunga watoto viatu, anavyonitengea chai, najiuliza huyu ni nani. Jana kaniuliza kwa upole, "Vipi, email zako zinatoka siku hizi?" Wiki zote hizo hakuwahi kuuliza yeye mwenyewe. Nikamjibu bado zinagoma. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula.

Ndugu zangu, niondoke kimya kimya Jumatatu nimwambie nikirudi, au nimwekee hiyo barua mbele yake kwanza? Akikana sitamwamini. Akikiri, nitalalaje naye kitanda kimoja? Nipeni akili, yangu imegota.