Jiwe la Lajbar Langoni Torkham

Lajbar Shinwari aliendesha lori kati ya Peshawar na Jalalabad tangu ujana, na sijapata kuona mtu mwenye domo kama lake. Malori yetu yalizoea kufuatana. Alikuwa akinitukana, ananimegea mkate wake, kisha ananitukana tena. Lakini watu wakishikana mashati, aliyeitwa ni yeye. Kwetu Washinwari, kabila la Kipashtuni, ugomvi ukipamba moto, mtu wa heshima huweka jiwe chini kati ya wagomvi. Jiwe hilo tunaliita tiga. Likishawekwa, hakuna kuinua mkono mpaka baraza likae. Anayelivunja hutozwa kondoo, na akikaidi, nyumba yake huchomwa moto.

Vuli ile serikali mbili, ya Pakistani na ya Afghanistan, zikarushiana mizinga, lango la mpaka la Torkham likafungwa. Tukakwama kwenye foleni upande wa Pakistani, nyanya tulizopakia zikituozea malorini. Lajbar hakujali nyanya. Mama yake alikuwa mahututi Jalalabad, ng'ambo ya lango, mwendo wa saa chache tu kutoka pale, na dada yake alikuwa akipiga simu: "Mama anakuulizia. Fanya haraka."

Afanyeje haraka? Redio ya mwuza chai ilisema mataifa makubwa "yanafuatilia kwa karibu". Kufuatilia! Zamani walikuwapo wakubwa wa kuwashika masikio hawa watawala wetu. Walikuwa wanafiki, sikatai, lakini angalau walipiga simu, na lango likafunguliwa. Siku hizi kila mkubwa anaangalia tumbo lake, na vijibwana vyetu vimejua hakuna wa kuvichapa. Nawachukia wote, wakubwa kwa wadogo.

Maji nayo yakawa shida. Bomba lilikuwa moja, na madereva wa Kandahar wakagombana nasi mpaka spana zikatoka. Lajbar akapenya katikati, akabwaga jiwe kando ya bomba.

"Haya, nani mwanamume?" akafoka. "Ainue spana nimwone! Kondoo wake nitamla mwenyewe, na hata mkia simwachii!"

Watu wakacheka, wakapanga foleni ya maji. Ndipo kichwa kikamvimba. Kesho yake asubuhi nikamwona amebeba jiwe jingine, anaelekea langoni.

"Ami, umerukwa na akili?" nikamkimbilia. "Wale si madereva!"

"Kwani wao hawakuzaliwa na mama? Toka njiani, mkia wa punda wewe."

Akaliweka jiwe mbele ya seng'enge. Askari wakakoki bunduki. Kapteni mmoja akatoka, kijana wa Kipashtuni kama sisi, akawaashiria washushe silaha. Akalitazama lile jiwe bila kucheka.

"Ami, hili nalijua. Babu yangu alikuwa akiyaweka."

"Basi liheshimu, mwanangu. Mama yangu anakata roho hapo ng'ambo."

"Mimi naliheshimu. Lakini serikali yangu ikilivunja, nani ataitoza kondoo? Na ile ya ng'ambo je, nani atakwenda kuichomea nyumba? Nitajie baraza lenyewe, Ami. Nitajie hata mtu mmoja, nikufungulie sasa hivi."

 Kapteni akaliokota jiwe kwa mikono miwili, akamrudishia kwa adabu. Afadhali angemtukana. Matusi Lajbar angeyajibu.

Siku ya pili yake, mchana, dada akapiga simu tena. Mama amefariki alfajiri na wameshamzika. Majirani ndio walioshuka kaburini kumpokea, kazi ya mwana wa kiume. Lajbar alisema "sawa" tu, akakata simu, akaenda kukaa kwenye kivuli cha lori lake. 

Jioni ile kelele zikazuka tena bombani. Mtu amesukumwa, ndoo imemwagika, spana zimetoka. Nikamkimbilia Lajbar.

"Ami, njoo, watauana! Jiwe lako bado liko palepale, neno moja tu watakusikia!"

"Waache."

"Ami!"

"Nimesema waache. Mwenye nguvu na anywe."

Dereva mmoja wa Kandahar alitobolewa jicho jioni ile. Alilia kwa sauti akimwita mama yake, na Lajbar, hatua chache tu kutoka hapo, hakugeuza hata shingo.