Nilimtangaza Baba kwa megafoni, watu wakaja na kuni za msiba

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni wa kusoma tu humu, nacheka na nyuzi zenu halafu napita. Leo nimeona niache uvivu. Kisa hiki kimenipata mimi mwenyewe, na mashahidi ni wengi mno, baadhi yao bado wananitania sokoni kila asubuhi. Kama nimeongeza chumvi, basi nisiuze hata nguo moja wiki hii.

Kiswahili changu mtakivumilia. Nimezaliwa Pweto, Kongo, sasa naishi Kashikishi, Nchelenge, upande wa Zambia, nauza salaula, yaani mitumba. Kuandika hivi nimejifunza humu humu kwenu.

Haya, twende.

Kila mwaka Ziwa Mweru linafungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaane. Nyavu zinakunjwa, mitumbwi inapinduliwa mchangani, na wanaume wanabaki nyumbani kuwasumbua wake zao.

(Wenye waume wavuvi mnanielewa.)

Sasa chuo kikuu kimoja, jina naliacha, kikaona huo ndio wakati wa kuwapata watu. Kikatuletea programu ya msimu mzima: mihadhara ya wazi, matamasha na sinema, yote bure, kwenye ukumbi wa zamani karibu na soko.

Wakanichukua mimi kuwa mkalimani, Kiswahili na Kibemba, na pia kusambaza matangazo. Bosi wangu alikuwa Madam Mutinta, mwalimu kijana wa chuo, mpole sana, anavaa suti na gambuti kwa wakati mmoja kwa sababu ya matope.

Sinema zilijaa. Tuliziba madirisha kwa vitenge mchana kweupe, watu wakakaa mpaka sakafuni. Tamasha la kwaya ya chuo nalo lilijaa. Waliombwa wasikilize wakiwa wamekaa, lakini wimbo wa pili tu viti vyote vilikuwa nje na akina mama walikuwa katikati ya ukumbi.

Shida ilikuwa mihadhara.

Ule wa kwanza, wa kuzaliana kwa samaki, walikuja watu kumi na mmoja. Wanne kati yao walikuwa wanajikinga mvua. Mvua ilipokatika wakaondoka, tena waliaga vizuri.

Madam akaniuliza kama namjua mtu wa huku huku anayeweza kuzungumza watu wakamsikiliza.

Nikasema, Baba yangu.

Baba alikuwa prof wa jiografia. Kwetu Kongo hata mwalimu wa sekondari anaitwa prof, msije mkadhani najikweza. Vita vilipokuja tukavuka, tukapita kambi ya Kenani, tukapewa kiwanja Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi. Mimi baadaye nikahamia huku mjini. Baba amebaki kule, analima mihogo na maharage. Chaki hakuwahi kuishika tena.

Si mtu wa kulalamika. Ila kuna siku tulikuwa tumerudi kutoka kumzika jirani yake, mzee mmoja wa Moba. Tulikuwa watu saba pamoja na mchungaji. Baba akavua viatu, akakaa mlangoni, akawa anatoa udongo kwenye soli kwa kijiti. Akasema:

"Mutoto yangu, siku mi nitakufa hapa, nani atakuya? Kwetu bangejaza njia. Hapa mi niko tu mutu ya mihogo. Hakuna mwenye ananijua."

Nilimwambia asiseme hivyo, maneno ambayo hata mimi mwenyewe sikuyaamini.

Kwa hiyo wakuu, nilipomtaja kwa Madam, sikuwa nafikiria chuo wala programu. Nilitaka Baba asimame mbele ya watu japo mara moja, amuone mtu anayemsikiliza.

Alikubali, kwa sharti.

"Mi sitafundisha viti. Kama batu habafiki makumi mbili, narudia kwa shamba yangu."

Watu ishirini. Na mhadhara uliopita walibaki saba.

Nikaenda kwa Ba Mulenga.

Huyu ni mtu wa megafoni. Ana baiskeli na megafoni, basi. Anatangaza chanjo, mikutano ya kanisa, mbuzi waliopotea. Ila kazi yake kubwa ni misiba. Mtu akifariki, Ba Mulenga anapita njia nzima ya ziwani akitaja jina la marehemu, alikozaliwa, wazazi wake, watoto wake, kazi aliyofanya, halafu mahali pa kukusanyika na saa.

Na watu wa huku wakisikia hivyo hawaulizi. Mwanamke anafunga kitenge, anabeba kuni na unga, anatoka. Maswali mtayaulizia huko huko msibani.

Hilo nalijua tangu tumefika. Nimebeba kuni mara ngapi mimi mwenyewe! Lakini siku ile akili yangu ilikuwa kwa Baba tu, nikataka atambulishwe kwa heshima zote. Nikakaa nikaandika tangazo, kwa Kibemba na kwa Kiswahili. Lilikuwa hivi:

"Mwalimu Kasongo, aliyezaliwa Pweto, mtoto wa Mzee Ngoy na Mama Kalumba, baba wa Solange na Didier, aliyefundisha jiografia miaka ishirini na sita. Tukutane kesho saa nane mchana, ukumbi wa zamani. Wote mnakaribishwa. Atazungumza juu ya ziwa letu."

Mmeona?

Mimi, huyo Solange, sikuona. Nilimsomea Madam, akasema ni zuri sana.

Neno pekee linaloonyesha kwamba Baba anapumua liko mwishoni kabisa, na kufika hapo baiskeli imeshapita nyumba tatu mbele. Isitoshe Ba Mulenga kwa mazoea alivua kofia, akasoma kwa ile sauti yake ya pole pole. Akaenda hivyo kutwa nzima, Kashikishi yote, na jioni akafika mpaka Mantapala.

Baba mwenyewe hakusikia. Alikuwa ndani anapiga pasi koti lake.

Kesho yake alifika ukumbini mapema, kwa baiskeli ya kukodi, koti jeusi, kofia, suruali imebanwa na kamba chini isiguse mnyororo. Akaomba chaki. Akaanza kulichora ziwa ubaoni bila kitabu, bila simu, kutoka kichwani tu. Alianzia kusini Luapula inapoingia, akapandisha ufuko wetu huu, akapita Puta, akawa anaelekea Pweto.

Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda pale, mgongo wake umejaa vumbi la chaki.

Saa saba na nusu. Ndani tulikuwa watatu: yeye, mimi na Madam.

Saa saba na dakika arobaini. Watatu.

Baba akageuka, akaangalia mlango, akaangalia viti. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Bon," akasema. "Nimalize tu kuchora, halafu tuende."

Wakuu, niliumia. Nilijiona nimemleta mzee wangu aje aonyeshwe kwa macho kile alichokuwa anakiogopa.

Ndipo tukasikia kilio.

Kwanza mbali, kama kwamba kuna msiba njia ya soko. Kikasogea. Nikachungulia dirishani, nikaona wanawake wamejaza barabara, kuni vichwani, mabeseni ya unga, wanaume nyuma yao wameshika kofia mikononi. Na nyuma zaidi kanta ya kubeba mihogo kutoka Mantapala, watu wamesimama juu wanaimba wimbo wa kanisani.

Mbele kabisa alikuwa Bana Chola, mama anayeuza chisense sokoni, wale dagaa wetu wadogo. Sauti ya akina mama wa sokoni mnaijua wenyewe.

"Mayo! Mwalimu yetu we! Umetuacha!"

Baba ni mtu wa adabu. Akasikia msiba unapita, akavua kofia, akatoka nje na chaki yake mkononi. Akamsogelea Bana Chola, akainamisha kichwa.

"Pole sana, mama. Nani amekufa?"

Bana Chola akamwangalia. Mzigo wa kuni ukaanguka wote.

"Ni weye!"

"Miye?"

"Ni weye, Ba Mwalimu! Tumesikia kwa megafoni!"

Ba Mulenga naye alikuwemo, na unga wake kwenye karia ya baiskeli. Wakamgeukia.

"Mi nilisoma vile bameandika," akasema. "Mpaka mwisho nilisoma. Lakini leo niliona batu bote banalia, nikasema, pengine tangazo imepita, nyuma yake amekufa."

Halafu, bila kuambiwa, wote wakanigeukia mimi.

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Niliomba radhi kwa lugha zote ninazozijua, zikaniishia.

Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ukumbi. Anawaangalia. Anapitisha macho uso kwa uso, taratibu, kama alivyokuwa akiita majina darasani. Wakulima wenzake. Wavuvi. Akina mama ambao mimi mwenyewe sikujua anawajua.

"Bote hawa," akasema, "juu yangu?"

Bana Chola bado alikuwa anafuta machozi, hajaamua kama acheke au agombe. "Sasa juu ya nani? Si weye unasomaka makaratasi ya dawa ya mama mukwe yangu? Kila unakuya kwa soko unauliza, 'Mama amekunywa?'"

Mvuvi mmoja akasema Mwalimu ndiye aliyekaa naye hospitali siku mbili mtoto wake alipoumwa. Mwingine akasema alimfundisha binti yake ramani, mchangani, kwa kijiti. Wakawa wanaongea kwa zamu, maana machozi na maneno ya msibani walikuwa wamekuja nayo tayari, yangekwenda wapi?

"Munajua jina yangu?" Baba akauliza.

"Jina, awe, hapana, hatukujua," Bana Chola akasema. "Tumejua kwa megafoni. Lakini tulisikia mwalimu, tulisikia Pweto. Mwalimu ya Pweto ni moja tu hapa."

Baba akajifunika uso kwa kofia. Akalia wakuu, mabega yanacheza. Sikuwahi kumuona akilia, si njiani, si Kenani, si siku tuliyomzika Mama. Na mimi nikalia. Halafu sijui nani alianza kucheka, tukacheka wote mpaka wengine wakakaa chini kwenye majani.

Ikabaki hoja ya kuni. Huku, kuni za msiba hazirudi nyumbani. Ukizirudisha, umebeba msiba umeupeleka kwako. Akina mama wakajadili kidogo, Bana Chola akakata shauri: "Tunapika." Mafiga yakawekwa nje ya ukumbi, chisense ikatafutwa, na Madam Mutinta mwenye suti na gambuti akapewa mwiko.

Ndani hapakuwa na nafasi hata ya kusimama.

Baba akarudi ubaoni. Akamalizia Pweto, akaweka kamstari ka mto unaotoka. Mimi natafsiri pembeni.

"Maji ya Luapula inaingia huku kusini," akasema. "Inapita mbele ya nyumba zenu, mbele ya Puta, inatokea kule kwetu, inaitwa Luvua. Asubuhi nikinawa uso hapa, maji ile inaenda kwetu, mi nabaki. Miaka yote hii nilikuwa naionea wivu. Leo hapana. Leo mi pia nimefika kwetu."

Hapo nikashindwa kutafsiri. Bana Chola akaniokoa kwa Kibemba, kwa maneno yake mwenyewe, marefu kuliko ya Baba.

Alifundisha karibu saa mbili. Mvua ilipiga mabati katikati, hakuna aliyeondoka. Walisogea tu mbele.

Baadaye tukala nshima, ugali wa huku, nje, mvua imekatika. Baba akasimama na sahani yake, akawashukuru. Akasema:

"Siku ya kweli, musisumbuke na kuni. Mumeisha kunililia. Mukuye tu, mukae."

"Awe," Bana Chola akamjibu, mdomo umejaa. "Kuni tutaleta tena."

Nimejifunza nini? Kwamba mtu anaweza kupendwa na mji mzima na asijue, kwa sababu sisi tunayahifadhi maneno mazuri tuje tuyaseme akiwa hasikii. Baba yangu aliyasikia kwa bahati ya kosa langu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumwambia. Nilimwambia jioni ile, nikimshikia baiskeli apande. Akasema, "Najua," akanipiga begani na mkono wenye chaki.

Programu ya msimu huu imetoka juzi. Baba yumo, mihadhara mitatu, jina lake limeandikwa kamili. Jana nimempelekea Ba Mulenga tangazo. Akalisoma lote kwanza, akanirudishia pamoja na kalamu.

"Anza na hii," akasema. "Andika: mutu huyu ni muzima."

Nimeandika, wakuu. Nimeandika kwa furaha kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Sasa niambieni na nyie: yupo nani kwenu ambaye mngembebea kuni, na hajui?