Mabasi Mawili ya Kazahaya

Jina la Dirisha hakupewa na wazazi wake, wala halikutokana na kazi ya kuchora mabango ya maduka aliyoifanya mjini Shizuoka mpaka magoti yake yalipokataa kupanda ngazi. Wazazi walimwita Michinori, wa ukoo wa Tsukuda. Jina la Dirisha alilipata Jumapili moja katika chama chao cha waunda modeli, wanaume wazima waliokuwa wakikutana ghorofa ya juu ya ukumbi wa mtaa ili wabishane juu ya meli za angani zisizokuwepo.

Siku hiyo ubishi ulihusu Kazahaya, meli ya igizo la televisheni la watoto walilolitazama wote utotoni. Gazeti la watoto la zama hizo liliandika kwamba meli hiyo ilikuwa na urefu wa mita mia mbili na sitini, na wengi waliridhika na habari hiyo. Tsukuda, ambaye hadi wakati huo alikuwa mtu wa kukaa pembeni, alisimama akasema kwamba mwandishi wa gazeti hakupima kitu. Meli hupimwa kwa madirisha yake. Katika sehemu moja ya igizo, kamera iko nje ya meli na nahodha wa kike anaonekana akiwa amesimama nyuma ya kioo. Ukingo wa chini wa dirisha unamfikia magotini na wa juu umempita kichwa kidogo tu. Ukijua kimo cha nahodha, umejua kimo cha dirisha, na ukijua kimo cha dirisha, huna haja ya gazeti. Kwa hesabu yake, Kazahaya ilikuwa na urefu wa mita mia nne.

Alilitaja neno "dirisha" mara nyingi mno mchana huo, hata Bi Kurebayashi, katibu wa chama, alipokuwa akigawa chai alimuuliza, "Na wewe Bwana Dirisha, kikombe chako nikiweke wapi?" Walicheka, na tangu siku hiyo jina likawa hilo.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Onuki Tadaharu, fundi wa mabehewa ya treni, mtetezi wa mita mia mbili na sitini. Yeye alikuwa na hoja ya mashua. Tumboni mwa Kazahaya hukaa mashua ya kutua, na rubani huonekana akiipanda, kwa hiyo urefu wake unajulikana. Pima mashua, kisha upime tumbo, nawe utafika palepale gazeti lilipofika.

Chama kilikuwa na desturi yake. Katika maonyesho ya kila mwaka, kando ya kila modeli huwekwa basi dogo la karatasi, la aina ileile ipitayo mbele ya ukumbi, ili mgeni aone ukubwa wa chombo kwa mara moja. Desturi hiyo ilianzishwa kwa ajili ya bibi mmoja aliyeuliza kama mdude ule ungeweza kupita katika barabara ya kwao. Kila mwanachama hulikata basi lake kwa mkono wake. Kwa kuwa Kazahaya ya chama ilikuwa moja na kweli zilikuwa mbili, iliwekewa mabasi mawili. Upande wa kulia lilikaa basi la Onuki, lenye urefu wa pingili ya kidole gumba. Upande wa kushoto lilikaa la Dirisha, dogo zaidi, kwa sababu meli yake ilikuwa kubwa zaidi. Wageni walisimama katikati, wakageuza vichwa huku na huku, na wale wawili walisimama nyuma yao wakisubiri kuulizwa.

Mwaka huu, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya maonyesho, Onuki alipiga simu.

"Dirisha, basi langu mwaka huu silileti."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimefikiri tu. Mia nne, sawa. Umeshinda."

"Nimeshinda vipi? Mashua je?"

"Mashua iache ilipo. Nimechoka, bwana. Weka basi lako peke yake, watu waone vizuri."

Simu ikakatika. Sumie, mke wa Dirisha, aliyekuwa akimenya figili, hakuinua hata macho.

"Si ndicho ulichokuwa unakitafuta miaka yote, Baba? Leo umekipata, mbona umekaa kama mtu aliyekosa treni?"

"Hakusema kwa nini."

"Kasema kachoka. Hata mimi nimechoka, na mimi sikuhesabu dirisha hata moja."

Dirisha mwenyewe alikuwa amechoka. Alichoka kubeba boksi la modeli kwa ngazi za ukumbi, alichoka kueleza jambo lilelile kwa wageni waliokuwa wakingoja mvua iishe. Chama kilikuwa kimepungua. Wengine walikuwa makaburini, na waliobaki walikuja kwa ajili ya chai. Ukiondoa ubishi wa Kazahaya, yeye na Onuki hawakuwa na mazungumzo mengine. Mke wa Onuki alipofariki, siku iliyofuata mazishi, Onuki alimpigia simu akasema kwamba amelipima upya tumbo la meli. Dirisha alimjibu kwa madirisha. Walibishana mpaka giza likaingia, na hakuna aliyemtaja marehemu. Hakujua namna nyingine ya kumfariji mtu yule, na Onuki hakuomba nyingine. Sasa, ubishi ukiisha, angempigia simu amwambie nini?

Akaitoa diski ya igizo akaitazama tena ile sehemu ya dirisha, polepole, akisimamisha picha kila hatua. Safari hii hakutafuta ushindi; alikuwa akitafuta kosa lake. Alilipata mahali ambapo hakuna aliyewahi kuangalia, kwa maana wote walimtazama nahodha. Nyuma ya kioo alipita mhudumu mmoja mwenye sinia. Alipita mbele ya nahodha, kati yake na kioo. Basi nahodha hakuwa ameegemea dirisha; alikuwa amesimama mbali nalo, na mtu aliye mbali huonekana mdogo. Kama ni hivyo, dirisha lilikuwa dogo kuliko alivyohesabu, na meli nayo ilikuwa fupi. Fupi kiasi gani, hilo hakulijua. Lakini mita mia nne zilikuwa zimepata ufa, na ufa ule aliuona kuwa zawadi.

Kesho yake alikwenda kwa Onuki, akiwa na mfuko wa machungwa madogo ya msimu. Onuki alimfungulia akiwa amevaa sweta ambalo vifungo vyake vilikuwa vimeingizwa kwenye matundu yasiyo yake. Televisheni ilikuwa inawaka bila sauti.

"Nimekwambia umeshinda. Unataka nini tena, nikuandikie cheti?"

"Nimekuletea silaha," Dirisha akasema, akaketi kwa taabu, akinyoosha goti moja chini ya blanketi la meza fupi ya kuotea joto. "Kuna jamaa ana sinia."

Akamweleza yote kwa utaratibu, kama alivyozoea. Onuki alisikiliza. Katikati ya maelezo uso wake ulichangamka, akaligonga blanketi kwa kiganja.

"Miaka yote ile! Na sote tumekodoa macho kwa yule mwanamke!"

"Basi, lete basi lako uniaibishe."

Uchangamfu ule ukazimika. "Ungekuja na sinia lako zamani," akasema, akageukia televisheni.

Dirisha alinyoosha mkono kutupa ganda la chungwa, ndipo akaona kilichokuwa ndani ya kapu la takataka. Yalikuwa mabasi, mengi, yote ya urefu wa pingili ya kidole gumba. Moja lilikuwa limekatwa mpaka kwenye paa, jingine halikuwa na upande wa mbele, mengine yalikuwa yamekunjwakunjwa kwa hasira. Akamtazama mwenyeji wake. Onuki alikuwa ameificha mikono yote miwili chini ya blanketi.

"Ni mikono?"

"Ni mikono." Onuki alijibu. "Asubuhi ina nafuu. Lakini kisu, hapana. Daktari anasema ni uzee. Nikamwambia hata mimi hilo nilikuwa nalijua bila kulipa."

Dirisha alisukuma machungwa kando, akaivuta karatasi ngumu iliyobaki.

"Nipe kisu."

"We! Kila mtu anakata lake. Desturi ndiyo hiyo."

"Utakata wewe, kwa mdomo. Mimi nashika kisu tu. Haya, urefu?"

"Urefu unaujua."

"Siujui. Mimi najua basi la meli ya mita mia nne. Hili la kwako ni la meli gani sijui, mtumbwi fulani."

"Mtumbwi! Sogeza kisu. Hapo hapo. Sasa shuka. Polepole, huchori bango la duka la samaki."

Alilikata. Onuki alimkemea juu ya magurudumu, akamkemea juu ya kioo cha nyuma, akamfanya arudie mlango kwa kuwa mabasi ya mjini kwao, alisema, hayajawahi kuwa na mlango kama wa choo. Macho ya Dirisha yalitoka machozi kwa kukazana na kitu kidogo hivyo. Gundi ilipoanza kushika, basi likasimama juu ya meza, limeinama kidogo upande mmoja.

"Limepinda," Onuki akasema.

"Limebeba wazee wa mita mia mbili na sitini, wote wamekaa upande mmoja."

Onuki alicheka mpaka akakohoa. Kisha akainama karibu na basi, akalikagua.

"Lakini nikwambie kitu. Huyo mtu wako wa sinia simtaki. Sitasimama mbele ya watu nishinde kwa mhudumu wa chai. Mashua inanitosha."

"Mashua yako haina hata mlango wa kuingilia!"

"Ina mlango. Sehemu ya pili kutoka mwisho. Hukuangalia, ulikuwa unahesabu madirisha."

"Basi mlango huo ni wa paka."

"Ngoja Jumapili. Ngoja tu."

Dirisha aliinuka kwa kushikilia meza. Mgongo ulimuuma, na kwa kweli hakujua tena Kazahaya ilikuwa na urefu gani. Labda mia tatu, labda haikupata kuwa na urefu wowote. Hilo hakulisema. Alikusanya vikombe vya chai waliyokunywa gundi ikikauka, akavipeleka jikoni, kwa sababu alikuwa ameona jinsi Onuki alivyokishika chake kwa mikono miwili. Kutoka sebuleni sauti ilimfuata, ikieleza habari za mlango wa mashua, bawaba zake, na upande unakofungukia. Alijibu "hapana" mara moja, na mara ya pili, bila kugeuka. Aliviosha vikombe, akavisuuza, akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa kilichoning'inia hapo, akavipanga kwenye rafu ya chini, mahali ambapo mkono hauhitaji kunyanyuliwa.