Nilimwacha Mke Wangu kwa Sababu ya Herufi Moja

Nianze na kosa lenyewe, nisije nikaanza kujitetea. Nilimwita mke wangu mzinzi mbele ya watu. Hakuwa mzinzi. Kosa ni langu mimi peke yangu.

Mimi ni dalali wa mifugo hapa Garissa, nakaa mtaa wa Waberi. Tangu shule nimependa mambo ya mwili. Kwa nini ngamia anakaa siku nyingi bila maji, kwa nini mapacha wengine hawafanani. Soko likitulia nakaa kivulini na simu, natazama video za afya. Wenzangu wananiita Daktari, na mimi nilifurahia sana! Nilijiona najua.

Mke wangu nitamwita Fardosa, si jina lake. Tulikuwa na mtoto mmoja, msichana. Nimwite Hamdi. Akiwa na miaka mitano alishikwa na malaria kali, akalazwa, akaongezewa damu. Siku ya kutoka hospitali nikachukua karatasi zake nikasoma, kama kawaida yangu. Kundi la damu: A.

Nikatafuta kadi ya kliniki ya Fardosa ya wakati wa mimba. O. Na mimi nilijua ni O, tulipimana shuleni kidato cha tatu. Na video ilisema wazi: baba akiwa O na mama O, mtoto hawezi kuwa A.

Wiki tatu sikusema kitu. Namtazama mtoto akila, natafuta usoni mwake sura ya mwanaume mwingine. Ya Rabbi! Mtoto wa miaka mitano.

Ijumaa moja kaka yake Fardosa alikuja kututembelea kutoka Griftu. Majirani wawili pia walikuwepo. Tulipomaliza kula nikaweka karatasi zile mbili kwenye mkeka.

"Baba Hamdi, hii ni nini?"

"Wewe niambie. Mtoto ni wa nani?"

Fardosa alicheka kwanza. Alidhani ni utani. Kisha akaona uso wangu.

"Wallahi sijui mwanaume mwingine. Mbuzi wako mweupe akizaa mweusi hujawahi kuuliza baba ni nani!"

"Mbuzi si mke wangu."

"Basi twende tupimwe. Sote watatu. Sasa hivi!"

Nikakataa. Nipimwe nini? Damu yangu mwenyewe naijua! Nikamtamkia talaka, moja, mbili, tatu, huku majirani wanatazama chini.

Kaka yake hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alimwambia tu dada yake, "Abaayo, chukua mtoto." Hamdi alipofika mlangoni akageuka akaniita baba, "Aabo, na wewe unakuja?" Nikamwambia nenda.

Hooyo, mama yangu, alinifuata chumbani. "Mwanangu, mtoto ana vidole vya miguu kama vyako. Vyote."

Nikamjibu yeye hajui sayansi.

Mwaka mmoja na nusu ulipita. Hooyo akaanguka akavunjika nyonga, akatakiwa kufanyiwa upasuaji, na sisi watu wake tukaambiwa tutoe damu. Dada wa maabara akanidunga kidole, akaandika.

"Wewe ni A."

"Hapana, dada. Mimi ni O."

Akapima tena. A. Nikamwomba mara ya tatu. Alikuwa mvumilivu, akapima. A.

"Nani alikuambia wewe ni O?"

Nikamweleza. Mwalimu wa biolojia alituletea chupa za dawa maabara ya shule. Unadondosha damu yako, unaweka dawa, ikifanya vibonge una kundi fulani, isipofanya ni O. Yangu haikufanya.

"Na ya wenzako?"

Nikafikiri. Jamani, darasa zima hakuna damu iliyofanya vibonge! Sote tulitoka O, tukapigiana makofi. Mwenyewe nimesimulia kisa hicho mara nyingi sokoni, kama mzaha.

"Dawa ilikuwa imeharibika," akasema. "Darasa zima haliwezi kuwa O."

"Na baba A, mama O, wanaweza kupata mtoto A?"

"Kila siku."

Nikatoa damu. Nikapewa soda na biskuti, nikamaliza. Nikarudi sokoni, nikauza mbuzi wa watu. Nilikuwa nasubiri kulia. Sikulia. Mpaka leo sijalia, na watu wanasema mimi mgumu. Si ugumu. Ni kama mkono ulioulalia, unauona ni wako lakini hausikii.

Nikaenda Griftu. Fardosa alikuwa ameshaolewa na mtu mwingine, mtu mzuri. Alikubali kunisikiliza nyumbani kwa kaka yake, kaka akiwa amekaa katikati yetu. Nikasema yote.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Nilikuambia twende tupimwe."

"Ndio."

"Watu wanamkagua mtoto wangu uso mpaka leo. Wewe ulisema mbele ya watu. Nenda ukakanushe mbele ya watu."

Hakupiga kelele. Hakunitukana.

Nilipotoka Hamdi alikuwa uani. Amerefuka. Kaka akamwambia anisalimie, akaja akanipa mkono vizuri, kama mtoto aliyefundishwa adabu, akasema, "Salaam aleikum, adeer." Adeer ni amu, mtoto humwita hivyo mwanaume yeyote mkubwa. Nikaitikia salamu. Nikapanda gari.

Nilikanusha. Baada ya swala ya Ijumaa nikasimama mbele ya wazee na majirani wale wale, nikasema yule mwanamke ni msafi na mtoto ni wangu, mwongo ni mimi. Wazee wakasema Allah akusamehe. Nikasema amin. Nikaenda nyumbani, nikafua nguo.

Namtumia Hamdi nguo za sikukuu. Mjomba wake anazipokea. Sijui kama anazivaa.

Wewe unayesoma, hasa wewe mwanaume unayejua kila kitu kwa simu: kile unachokijua kinaweza kuwa kweli kabisa, na wewe bado ukawa umekosea. Funga mdomo kwanza. Na mkeo akikuambia twende tupimwe, ndugu yangu, vaa viatu uende!