Vidole Vyenye Wino

Kijana wa magazeti hakuwa na haraka hata siku moja. Treni ya Kaliua ikishaingia Mpanda, alifunga furushi kwenye keria ya baiskeli, akapita madukani akipiga kengele hata pale barabara ilipokuwa tupu, na kila mlangoni alinyoosha gazeti kwa vidole vyeusi vya wino, kama padri anavyotoa komunyo. Verdiana, akipepeta mchele barazani, alivitazama vidole vile roho ikimuuma. Darasani yeye ndiye aliyewasomea wenzake wote. Lakini alipoiomba kazi ile, wakala wa magazeti alitaka mwenye baiskeli. Eti baiskeli!

Siku moja upepo uliangusha baiskeli ya kijana, magazeti yakatawanyika. Aliyaokota, akayageuzageuza, kisha akaja mpaka kwenye ungo wa Verdiana, safari hii bila kengele.

“Dada, nisomee haya majina ya wateja hapa pembeni. Mimi huwa nakariri mpangilio tu.”

Verdiana angeweza kuyavuruga. Akayasoma yote kumi na saba sawasawa, polepole, akipitisha kidole juu ya kila gazeti mpaka kikawa cheusi.

Mchana mama alipoleta maji ya kunawa, Verdiana alificha mkono wa kulia mgongoni, akasema hana njaa.